Mlima Ulioinama

Wanasema mlima umeinama kwa sababu ya roho yake.
Nimewasikia. Nilisimama nyuma yao na sinia la vikombe,
ukumbini Mbeya, wageni wa Dar na wa mbali zaidi,
wamekunja mikono mbele ya Rungwe wa baba yangu.
Mmoja alisema: kichaa ndicho kilichomfungulia mlango.
Nikammiminia chai.

Mlima umeinama kwa sababu alichora amelala
ubavu wa kushoto. Nyonga ya pili ilikwisha kufa.
Mwaka ule mvua ya Tukuyu haikutupa hata siku moja
ya kuanika godoro, na baridi ilimwingia vifundoni
ikakaa humo kama mpangaji asiyelipa.
Vidole vikajikunja. Mama alichana pindo la kanga,
akamfunga brashi kiganjani, mafundo mawili,
naye kupitia dirisha la vioo vitatu na kipande cha boksi
aliuona mlima umelala pamoja naye.
Akauchora hivyo. Hakuna siri nyingine.

Ambilikile. Kwa lugha yetu: Ameniita.
Bibi alipompa jina alimaanisha Mungu.
Lakini kuna miezi aliita mwingine,
kwanza taratibu, nyuma ya jiko,
kisha ndani ya redio isiyo na betri,
hadi baba akawa anaitika usiku kucha,
naam, naam, nakuja,
pekupeku kwenye migomba, Julai,
nasi nyuma yake na tochi na blanketi.

Miezi hiyo hakuchora.
Andikeni hilo kwenye karatasi zenu zinazong'aa.
Hakuchora hata mstari. Alisahau kijiko ni cha nini.
Rangi ziliota ngozi koponi kama uji uliopoa;
mimi nilizitoboa kwa msumari, nikazinusa,
nikazifunika tena.

Watu walituletea majibu kama waletavyo ndizi msibani.
Huyu mizizi, yule mafuta ya upako.
Mjomba Asegelile alileta kamba.
Mama alipokea vyote, akasema ndaga,
na ile kamba akaianikia nguo.

Nesi Sekela hakuleta jibu.
Alileta vidonge, na daftari la tarehe.
Vidonge vilimnyamazisha yule mwitaji.
Vilimnenepesha pia, vikamlaza hadi saa nne,
vikamtia mkono tetemeko. Na bluu, alisema,
bluu imekuwa kama maji yaliyosuuziwa bluu.
Aliililia ile bluu siku tatu, mtu mzima,
mbele yetu, bila kuficha uso.
Siku ya nne akaomba brashi.

Mnaiona picha ya mashamba ya chai,
ule ukungu wa vitone elfu na elfu?
Mmeuita mtindo. Mmeupa na jina.
Ni mkono unaotetemeka.
Aliutia nira kama ng'ombe mkaidi.
"Hauniachi," aliniambia, "basi na ulime."

Sisemi maumivu hayamo. Yamo,
kama mawe yalivyo shambani:
hakuna aliyewahi kuvuna jiwe.
Alichovuna alikivuna asubuhi zile chache
alizolala usiku, akameza dawa, akala kiazi kimoja,
mama akafunga mafundo mawili.

Sinia limekuwa jepesi. Wageni wametoka
kutafuta magari yao kwenye manyunyu.
Nimebaki na mlinzi, na bei
ambayo ingenunua nyonga mpya, na dirisha zima.
Nikainamisha kichwa upande wa kulia,
kwa maana zote mbili za neno hilo,
na mlima ukasimama wima.