Kipimo cha Mlango

Jana usiku amerudia tena, yule beberu.
Midomo yake imejifunza fundo langu:
huvuta kamba taratibu, kama fundi anayefumua sweta,
kisha husukuma kwa paji.
Namwita Afande,
kwa ndevu, na kwa kuingia bila hodi.

Banda ni moja. Baluku alilijenga kwa mabaki ya mikaratusi,
mabati kumi na moja, moja la kuazima ambalo hatukulirudisha.
Upande wa mlimani kuku. Upande wa bondeni hapakuwa na kitu:
alisema, Mbambu, hapo tutaweka ng'ombe.
Ng'ombe hakuja. Yalikuja matanga.
Na baada ya matanga akaja Kule, mdogo wake,
na mbuzi tisa na kamba tisa,
akasema anakwenda Katwe kuchimba chumvi.
"Shemeji, waangalie tu."
Tu.
Neno fupi, lakini lina kwato.

Kuku ni wangu. Thelathini na wawili,
niliwanunua Mpondwe wakiwa vifaranga, ndani ya boksi la sabuni.
Mayai yao ni kalamu za Masika, ni madaftari,
ni nusu ya ada ya muhula wa pili;
nusu nyingine nadaiwa.
Chakula chao nakichanganya mwenyewe:
pumba, mahindi yaliyoparazwa,
mukene iliyotwangwa mpaka pua iwashe.
Mbuzi hali samaki, watu waliniambia.
Watu hawajamwona Afande.

Mwezi wa nne alikula debe zima.
Ubavu wa kushoto ukavimba, ukiugonga unaitika kama ngoma.
Nilimnywesha mafuta ya kupikia yaliyokuwa ya Jumapili,
nikamzungusha uani gizani, mvua inanyesha,
namkanda tumbo mbuzi wa mtu
na kumwomba Mungu ajambe.
Alijamba karibu na alfajiri. Masika akacheka hadi akalia.
Nami nilicheka,
halafu nikakumbuka debe.

Nimeweka miiba: kaila.
Nimefunga seng'enge: mwanambuzi kapenya chini yake.
Nimeegemeza tofali: kalipanda, sasa anafikia dirisha.
Jirani yangu Masereka anasema, wafukuze wote, wakalale mtoni.
Ni rahisi kwake. Ukoo hautamwuliza yeye.
Mbuzi wa Kule ni mguu wa Kule:
ameuacha kizingitini
ili mlango usifungike.

Leo nimemkamata kuku mnene kuliko wote,
nikampima kifua kwa kiganja, anapiga kelele kana kwamba ni Krismasi:
shubiri moja kasoro vidole viwili.
Kisha mwanambuzi mdogo kuliko wote, mbavu kwa mbavu:
shubiri kamili.
Vidole viwili.
Ndiyo nafasi yangu yote.

Nikagongomea fito, wima, zimebanana,
kwa misumari ya Baluku, ile iliyopinda
aliyoinyoosha kwa jiwe na kuitunza kwenye kopo la maziwa.
Sikujua nimeitunza nami
mpaka mkono ulipokwenda wenyewe juu ya kabati.

Jioni kuku walipanga foleni kama wanaingia misa,
mmoja mmoja, kila mmoja akiinamisha kichwa bila kuambiwa.
Afande akaleta pembe. Akaleta bega.
Akaleta midomo, akatafuta kamba; kamba hakuna.
Akasimama hapo na macho yake ya mstari,
anatafuna hewa.

Na usiku huu huu Masereka ameleta simu yake nisome:
Kule anakuja Ijumaa, kuangalia mbuzi
na kuona nyumba ya kaka yake inaendeleaje.

Karibu, shemeji. Mbuzi wako ni wazima,
walikuwa tisa, sasa ni kumi na wawili, hesabu mwenyewe.
Maji utapewa. Kiti utapewa, hapo nje, penye upepo.
Mimi nimebakiwa na fito tatu
na misumari ya kutosha.