Leo Sipakulii Mtu

Ghala limefungwa. Korosho zimekwisha.
Wapagazi wamerudi kwao, Kitangari, Mahuta,
na madeni yao ya maharage.
Kibanda nimekifunga kwa kamba ya katani.

Miaka kumi na tisa napika hapa Newala
sijawahi kula nimekaa.
Nimekula wima, mwiko mkononi,
nimekula ukoko,
nimekula mchuzi wa kuonja chumvi,
nimeshiba mvuke.

Leo sipakulii mtu.

Alfajiri nimechuma kisamvu nyuma ya nyumba,
vile vya nchani tu, laini kama sikio la kichanga.
Kibandani nilichuma hata vikongwe,
maana mwenye njaa hatazami jani.
Nimetwanga polepole, hakuna aliyenihimiza,
mpaka kinu kikanuka kijani.

Korosho nimebangua mwenyewe, zile zilizobaki,
vidole vimebabuka kwa utomvu, si neno.
Nikazisaga, nikazikamua, tui zito,
nikalimimina juu ya majani nikiongozana nalo kwa mwiko
lisije likakatika.

Maji ni ndoo moja, ya kijana wa baiskeli.
Tangu bei ipande nayahesabu kwa kikombe:
kimoja cha kisamvu, viwili vya ugali,
nusu ya kunawa.
Hiyo nusu nimeiongeza ikawa kamili.
Leo nanawa kama mgeni.

Moto nao nimeuachia ujitawale.
Mkaa unafanya kazi yake, mimi nimekaa
kwenye kigoda, nasikia sufuria inavyosema
tokoto, tokoto, kisha kimya, kisha tokoto,
mtu mzima anayetafuta neno.

"Hodi, Mama Sijaona! Harufu hiyo! Una ugeni?"
Ni Somoe, yuko kwenye ua wa matete, puani tu ndiko anakoona.
"Ninao."
"Nani?"
"Mimi."
Akacheka, akaenda zake. Nitampelekea kibakuli jioni,
kikibaki.

Nimetandika mkeka. Nimetoa sahani yenye maua,
ile ya harusi, haijawahi kushika chakula changu.
Ugali wa muhogo, mweupe, unavutika.
Kipande cha nguru mkavu, cha chumvi, kidogo.
Pilipili moja, nzima, ya kutishia tu.

Tonge la kwanza nimelikandakanda
nikalitoboa kwa dole gumba, nikachota,
nikaacha mdomoni bila kutafuna.
Korosho inakuja mwanzo, tamu, ya mafuta.
Kisamvu kinafuata na uchungu wake wa mbali.
Nguru anakuja mwisho, kama mtu aliyechelewa msibani
akalia kuliko wote.

Kumbe ndicho walichokuwa wanakula!
Na wengine walikuwa wanameza huku wanasimulia mpira.

Wasemao mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
nimewasikia. Jembe lipo, limeegemea ukuta.
Mbaazi zinasubiri palizi.
Lakini hii ni siku ya kwanza,
na tonge la pili
silioni sababu ya kulikimbilia.