Bweta

Nimelipeleka Keko, bawaba imeng'oka.
Fundi Mbwiga akalipindua, akanusa mbao,
akaandika kwenye risiti: kiboksi kimoja.
Bweta, nikamwambia.
"Bweta ndiyo nini, dada? Droo?"

Shangazi Mwanahawa alitia humo
kipini, hirizi, stakabadhi ya kiwanja cha Magomeni,
na jino langu la kwanza kwenye pamba.
Mtu asiyetoa siri alimwita bweta.
Pesa za mchezo, ingawa zimo
katika fundo la kanga kiunoni,
alisema ziko bwetani, na wakopaji wakaondoka.
Mwisho mwisho, kifua kilipombana,
alijigusa hapa, akasema: bweta halifunguki.
Daktari wa Mwananyamala akaandika kitu kingine.

Kamusi yangu isiyo jalada yasema: Kireno.
Nyuma ya Kireno, Kilatini, buxis,
kijaluba cha mti mgumu
ambao Keko hawajawahi kuupasua.

Nikarudisha kurasa chache: boksi.
Kiingereza. Na nyuma yake
kijaluba kilekile, mti uleule.

Kumbe ndugu.
Mmoja alitangulia pwani, akazeeka;
mdogo akaja na mabwana wengine,
akarithi nyumba, vyombo, na mdomo wa fundi.

Jumamosi nimelifuata. Elfu nane.
Bawaba mpya inalia kidogo.
Risiti nimeikunja mara nne,
nimeitia ndani,
nimefunga.