Gati

Basi la kutoka Maskati lilinishusha saa nane za usiku
penye nguzo moja ya taa na mbwa asiyebweka.
Mtu amesimama, ameshika kipande cha boksi,
kimeandikwa kwa wino mzito: GATI.
Nikadhani ni kibao cha kuonyesha njia ya bandarini.
Nikampita.
Akanikimbilia, kandambili chap chap:
"We binti! Si wewe Gati? Wa majokofu?"

Ghati, nikasema. Ina h.
Ni jina la bibi yangu, si mahali pa kufungia meli.
"Basi h imebaki Musoma," akacheka,
"itakuja na mzigo."

Anaitwa Thuweni. Kiswahili alikinyonya kwa mama;
Unguja yenyewe hajaikanyaga.
Anasema *skuli*, anasema *ngoja n'tie gari moto*,
nami siku mbili sijasikia neno la kwetu,
nikawa namwuliza maswali nisiyotaka majibu
ili azidi kusema tu.

Barabara ya Duqm ina njia nne na gari moja, letu.
Taa zinamulika mchanga,
mzunguko, mchanga, mzunguko mwingine,
ngamia kajilaza katikati kama mwenye kiwanja,
hoteli ya ghorofa nne yenye dirisha moja lililo macho.
Mji uko wapi? nikauliza.
"Ndiyo huu. Haujafika bado.
Wewe umeutangulia."

Asubuhi nikaiona meli chelezoni,
kavu, uchi hadi tumboni,
vijana wa Kerala wananing'inia ubavuni mwake
wakipaka rangi chuma kitakachokwenda kugombana na barafu
kule chini, kupita Rasi,
kupita pale ramani inapobaki nyeupe.
Joto, nyuzi arobaini na moja.
Isagani wa stoo akanisainisha:
soksi za sufi jozi sita,
kofia ya kuziba masikio,
koti moja jekundu, la manyoya ya bata.
"Lijaribu."
Nikalijaribu. Jasho likanitoka hata kwenye kope.
Vijana wa Kerala wakaacha brashi, wakanipigia makofi.

Mama alikuwa na friji moja,
mlango umefungwa kwa mpira wa baiskeli,
akiuza barafu za ukwaju kwenye vifuko.
Umeme ukikatika tulilifunika blanketi
kama mgonjwa, tukakatazwa kulifungua.
Nyuma yake ndiko nilikojifunza kazi:
baridi haitengenezwi.
Ni joto limefukuzwa,
na likifukuzwa lazima liende mahali.
Weka mkono nyuma ya jokofu lolote, utaungua.

Labda Duqm ndiyo huko nyuma.

Nikampigia mama. Akauliza:
huko kwenye barafu tupu, fundi wa majokofu wa nini?
Abiria wanataka aiskrimu, mama.
Akanyamaza. Kisha:
"Moja bei gani?"

Jioni ya mwisho Thuweni aliniomba koti.
Si la kuchukua, akasema, la dakika tano.
Akaingia garini, akapandisha vioo,
akafungulia kiyoyozi mpaka mwisho wake,
akavuta zipu hadi kidevuni
na kufumba macho.
Nikasubiri nje, kwenye upepo wa chumvi,
nikimtazama kupitia kioo kilichoanza kulia maji.
Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Sikusikia.
Dakika tano zikawa kumi na mbili.

Alipotoka hakunieleza.
Alilikunja koti kama linavyokunjwa joho,
akanipa kwa mikono miwili.

Sasa tunaelea. Chelezo kimefunguliwa maji,
Isagani anahesabu makreti ya vitunguu.
Koti liko msumarini nyuma ya mlango,
kola yake inanuka udi,
na mfukoni, ningali naliacha humo humo,
kuna kipande cha boksi:
GATI,
na juu, kati ya herufi mbili za mwanzo,
h ndogo imebanwa kama abiria aliyechelewa.