Wasifu wa Lamzira, kwa Ajili ya Katalogi

Mmeniomba aya moja, maneno mia na ishirini,
mimi mdogo wake, kwa kuwa yeye barua hajibu.
Haya. Amezaliwa korongoni, magharibi mwa Georgia,
mji wa manganizi, ambako nguo nyeupe
ilianikwa ndani.

Elimu: mnataka jina la chuo.
Andikeni kwanza mabehewa ya angani,
yale yaliyowapandisha wachimbaji mgodini kwa waya.
Ana miaka kumi na tisa, kopo la rangi ya kijivu kiunoni,
anapaka namba milangoni. Saba yake ina mkanda tumboni.
Mama yetu ndiye aliyepiga kengele ya kuondoka,
na hakumtazama bintiye kule juu hata mara moja,
akihofu jicho lake litamwangusha.

Kisha umeme ukakatika. Mwaka ukapita, na mwingine.
Mabehewa yakasimama. Watu hawakuacha kufa.
Lamzira akachora nyuso kwenye mawe ya makaburi,
kwa msumari na nyundo, akifuatisha picha za pasipoti,
na marehemu wote wakatoka na sura ya watu
walioambiwa wasicheke.
Mjane mmoja akasema: mume wangu alikuwa na makengeza,
yarudishe.
Akayarudisha. Hapo ndipo alipojifunza uso.
Malipo: gunia la unga, jibini, kuku mmoja aliyetoroka.
Mkono mtupu haulambwi; wa kwake
ulikuwa na vumbi la mawe, nasi tuliulamba.

Chuo cha Tbilisi kilimkataa mara mbili.
"Mkono mzito," waliandika. Mara ya tatu
mwalimu aliyeandika hivyo alikuwa amestaafu.
Akaingia na miaka ishirini na minane, darasa la watoto
waliomwita shangazi
na kuazima kifutio chake wasirudishe.

Sasa hicho mnachokiita kipindi cha kijivu.
Nimesoma insha ya bwana wenu, kurasa sita:
ukungu, kumbukumbu, maombolezo ya dola iliyoanguka.
Ilikuwa rangi ya mabehewa. Mapipa mawili yalibaki stoo.
Yalipokwisha, kipindi kikaisha.

Maonyesho ya kwanza: duka la mikate lililofungwa,
turubai kumi na moja, wageni tisa, wanne wa ukoo.
Iliuzwa moja, kwa daktari wa meno,
aliyelipa kwa meno: mawili, ya juu, kulia.
Akicheka mtayaona.

Uchongaji: siku walipozikata nyaya za mabehewa
na kuziuza kwa kilo, alipanga foleni na wanunuzi wa vyuma.
Akachukua mita mia nne. Hakuwa na pa kuziweka.
Aliziweka kwangu.
Miaka mitatu mke wangu alianika nguo juu ya sanaa ya kisasa.
Gocha, fundi wa kuchomelea, akamfundisha moto:
usiutazame, usikilize, chuma kikiiva kinanong'ona.
Aliutazama. Jicho la kushoto halisomi tena magazeti.

Sanamu la kwanza kusafiri lilikwama forodhani Trieste.
Karani aliandika "vyuma chakavu", akatoza kwa uzito.
Liwekeni hilo penye tuzo. Ni yeye peke yake
aliyemkadiria dada yangu bila kubabaika.

Mnauliza nani kamshawishi. Nimemuuliza.
Akasema: kengele.

Anachofanya sasa? Gocha alifariki Februari.
Aliomba achongwe na kinyago cha kuchomelea usoni,
maana huko aendako, alisema,
nasikia kuna mwanga mkali.
Lamzira amekiinua kinyago kidogo tu,
kidevu kionekane, na mdomo;
na mdomo, wa kwanza katika mawe yake yote, unacheka.

Hajatia sahihi. Msiliingize kwenye orodha.
Mkiliingiza, bei ni gunia la unga
na kuku. Safari hii
afungwe miguu.