Kumbe

Saa nane za usiku, Al-Khoud. Malori ya Barka yamepungua.
Shinuna amezima kiyoyozi, amefunga lifti,
amevua bangili tatu akaziweka juu ya daftari.
Mlangoni kabandika karatasi: USIGONGE. USIPITE.
Joto la Agosti linamwingia. Jasho hapangusi.

Ndani ya mnara wa chuma mna ombwe,
na elektroni zashuka humo mojamoja,
si vurugu, si kundi,
zote mwendo mmoja, utadhani zimefunzwa chuo kimoja.
Nusu ya mwale yapenya jiwe,
nusu yapita patupu.
Chini yao uzi wenye umeme, mwembamba hata utando wa buibui ni kamba,
wazipinda nusu mbili zikutane,
zisailiane: wewe umecheleweshwa na nini?
Jibu ni milia. Mweusi, mweupe, mweusi,
mfano wa mkeka uliotandikwa kiooni.
Panapopinda ukindu, pana kitu.

Jiwe aliliokota Muhsin wa jiolojia, bonde la Samail,
akalisaga wiki mbili hadi likapitisha mwanga.
Humo mna chembe ya sumaku;
elfu zake zikipiga foleni hazivuki unywele.
Ilizaliwa chini ya sakafu ya bahari
mlima ukiwa bado haujawa mlima,
na imeng'ang'ania kaskazini ya siku ile
ambayo dunia yenyewe imekwisha kuiacha.

Sekunde nane. Usikohoe.
Ya kwanza, ya pili... ya tano,
milia ikaanza kulegea, ikajikunja,
ikaizunguka chembe pande zote
kama maji yanavyozunguka kidole.

"Kumbe!"

Limemtoka. Si Kiarabu cha ofisini,
si Kiingereza cha ripoti,
ni neno la jikoni kwa mamake,
la kufunua chungu na kukuta kimeiva.
Sauti ikagonga chuma, chuma kikatikisa mwale,
mkeka wote ukafumuka.

Akarudia, meno yameuma shungi.
Picha ya sitini na mbili ilitoka safi,
ikaenda kwa profesa, ikasifiwa.

Ya sitini na moja hakuifuta.
Ukimwomba atakuonyesha, akicheka kidogo:
ukungu tu, milia imevurugika,
na hapa, ataweka kidole,
hapa ndipo nilipoongea.