Faili la Kumi na Tisa

Februari, Duluth. Ziwa limeganda hadi upeo wa macho,
na sisi watatu tumejifungia na mafaili sitini,
birika la kahawa, na biskuti za Bi. Ingrid Solheim
ngumu kama swali la nyongeza.
Viti ni kumi na vinne. Darasa la umahiri halipanuki.

Kufika saa nne nimeshachoka na ubora.
Huyu ana alama zote, hata za somo asilolipenda.
Huyu ni mwenyekiti wa vilabu saba;
sijui hula saa ngapi.
Huyu ameandika "shauku" mara kumi na moja
(nilihesabu, Mungu anisamehe, kwa penseli)
na sikuona popote
kitu kilichowahi kumnyima usingizi.
Kibaya chajitembeza, husemwa.
Hapa hata chema kimevaa tai, kinabisha hodi.

Kisha Wendell Aho, wa Eveleth, mji wa mgodi wa chuma.
Fizikia: B. Vilabu: hakuna.
Jioni hufua mashuka katika nyumba ya wazee.

Insha yake inahusu saa,
ile ya ukutani nje ya maktaba ya shule,
iliyochelewa kila wiki dakika saba, tisa, mara kumi na mbili,
na kila Jumatatu mwalimu mkuu alipanda ngazi
akairekebisha, akashuka.
Wendell akaanza kupima.
Wiki kumi na moja: baridi ya korido, dakika zilizopotea.
Akachora grafu. Mstari ukapanda vizuri:
baridi ikizidi, saa huzidi kuchelewa.
Angeweza kutuletea hilo, na tungempigia makofi.

"Lakini nukta moja ilikataa kukaa na wenzake."
Wiki ya dhoruba, shule imefungwa,
baridi kuliko zote,
na saa haikupoteza hata dakika.

Basi Alhamisi akajibanza korido hadi usiku
akamwona Bi. Lorraine, msafishaji,
akichomoa plagi ya saa, akichomeka mashine ya kung'arisha sakafu.
Ukurasa mzima unaofuata anaeleza alivyokosea,
bila kujipamba, bila kujililia.
Sentensi ya mwisho: "Bado sijui kwa nini grafu ilikuwa nzuri vile."

Hakumshtaki. Alimnunulia ekstensheni.
Hilo hakuliandika yeye. Limo katika barua ya pendekezo,
nyuma ya ratiba ya zamu, kwa wino wa kijani:
*Kijana huyu akiuliza, husubiri jibu. Lorraine Bukovac.*

"Fomu inasema mwalimu," akasema Profesa Pruitt.
Kweli, fomu inasema.
"Na hiyo B?"
Bi. Ingrid alijaribu kuvunja biskuti, ikagoma.
Hakuna aliyemjibu Pruitt,
naye hakuligeuza faili.
Alivua miwani, akaisogeza grafu dirishani,
akanyamaza muda mrefu, kahawa yake ikaota utando.

"Chumvi," akasema.
"Chumvi ya barabarani! Baridi ikizidi huimwaga zaidi,
watoto huiingiza kwa viatu,
sakafu inadai muda. Mwambieni…"
Akasita. Masikio yamemwiva.
"Mtu amwambie."

Faili la ishirini lilikuwa juu ya meza.
Niliinua macho kwenye saa yetu, juu ya mlango.
Miaka sita najua haiendi sawa.